Utafiti wa minyoo wa Kremer uligeukaje kuwa sera?

Kijana_wa_Likoni:
Asalaam aleikum wakuu. Naandaa mada kuhusu mchumi Michael Kremer na utafiti wake wa dawa za minyoo shuleni, kwa wanafunzi wa uchumi hapa Mombasa. Habari za Nobeli ya 2019 wanazo. Wanachouliza ni hiki: kwa nini kule Busia, magharibi mwa Kenya, aligawa shule nzima nzima katika mafungu badala ya mtoto mmoja mmoja, na serikali ya Kenya ilishawishika na nini?

MwalimuTudor:
Waaleikum salaam. Minyoo huambukiza. Ukimtibu mtoto mmoja, na mwenzake wa dawati naye hupata nafuu. Ukiwalinganisha hao wawili, dawa itaonekana haifai kitu. Kremer na Edward Miguel wakachukua shule 75, mafungu matatu ya 25, wakaanza kuzipa dawa kwa zamu: 1998, 1999, 2001. Shule zilizosubiri zamu zikawa za kulinganisha, na katika zilizopewa dawa utoro ukapungua kwa takriban robo. Makala ilitoka 2004, na mpango wa kitaifa wa shuleni ukaanza 2009.

BintiTakwimu:
Mwalimu, usiwaachie robo tu. Kwangu mimi matokeo yenye uzito zaidi kisera ni ya bei: wazazi walipotakiwa kuchangia kidogo, idadi ya watoto waliotibiwa ilishuka kwa takriban asilimia 80. Hiyo ndiyo hoja ya kutoa dawa bure. Waonyeshe pia uchambuzi mpya wa 2015, uliokuta makosa ya hesabu: faida iliyodaiwa kufika shule zilizo kilomita 3 hadi 6 kutoka zile zilizopewa dawa haikusimama tena, ya shule za karibu zaidi ikabaki. Makosa yalionekana kwa kuwa watafiti wenyewe walitoa data zao zikaguliwe.

Kijana_wa_Likoni:
Ahsanteni sana. Hiyo ya bei nitaanza nayo.