Kliki zinalia, msalaba hauendi: nimeuziwa skopu mbovu na naambiwa kosa ni langu

Wakuu, yamenifika shingoni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Miezi minne iliyopita nilinunua skopu, ile darubini ya kufungwa juu ya bunduki yenye msalaba wa kulengea ndani, kwa muuzaji mmoja hapa Mombasa mjini. Jina lake silitaji, naye akisoma hapa atajijua. Shilingi 68,000, taslimu, mkononi. Na kabla hamjaanza: bunduki ni ya .22, ile ya risasi ndogo, leseni ninayo, kazi yake ni kutoboa karatasi uwanja wa shabaha Jumamosi. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo wale wa "unaua nini wewe" wakalale.

Dukani nilipewa nichungulie mlangoni. Kioo, wallahi, kizuri. Nilisoma bei za simu kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Kisha jamaa akashika kifundo cha juu, kile cha kupandisha na kuteremsha, akakizungusha, tik tik tik, akaniambia, "Sikiza hiyo, shekhe. Hiyo ndiyo mashine." Nami mjinga nikasikiza, nikatoa pesa.

Nimejifunza baadaye, kwa gharama, kwamba ile sauti haina habari na risasi. Kliki ni kijino kinachoangukia kwenye kijipengo, basi, hata kifundo cha redio chaweza kulia hivyo. Kazi yenyewe iko ndani. Mna mrija mdogo ndani ya mrija mkubwa, na huo mdogo ndio unaosogea na kuhamisha msalaba. Upande mmoja unasukumwa na skrubu ya kifundo, upande wa pili unasukumwa na springi. Ukiteremsha, skrubu inausukuma mrija kwa nguvu. Ukipandisha, skrubu inarudi nyuma na springi ndiyo inayotakiwa kuufuata na mrija wake. Springi ikiwa legevu, au skrubu imechongwa ovyo, kifundo kinaenda, namba zinaenda, masikio yako yanafurahi, na mrija umeganda pale pale ukingoja kutikiswa.

Sasa sikieni yangu. Niliweka ziro mita 50, yaani nililinganisha msalaba na pale risasi inapotua. Risasi tano, tundu moja la kufunikwa na sarafu ya shilingi kumi. Nikahamia mita 100, ambako bunduki yangu kwa risasi ninazotumia inataka kupandishwa kliki 19. Nikahesabu 19. Risasi ya kwanza ikatua sentimita 6 chini. Ya pili ikapanda kidogo. Ya tatu ikapanda tena. Ya nne na ya tano ndizo zilizofika kati. Siku ile nililaumu upepo wa kusi, kana kwamba kusi huinua risasi moja moja kwa zamu! Leo najua: kila mshindo ulikuwa unautikisa ule mrija unasogea kidogo, ufike ulikotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Nikateremsha 19 zile zile, nikarudi mita 50. Risasi tano zimekaa pamoja vizuri kabisa, ila sentimita moja na nusu kulia kwa ziro. Kundi halikutawanyika, limehama nyumba. Na kifundo cha pembeni, cha kulia na kushoto, sikukigusa.

Nikanunua risasi za aina nyingine, paketi mbili. Nikafungua pete zinazoishika skopu, nikazikaza upya kwa spana ya torki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya pete zenyewe. Nikarekebisha paralaksi, msalaba usielee juu ya shabaha jicho likisogea, kila nilipobadilisha umbali. Wiki tano zikaenda hivyo nikijishuku mwenyewe, na mke wangu akiniuliza kwa nini siku hizi natoka shabaha na uso wa mtu aliyetoka matangani.

Mwishowe mwenzangu mmoja akaniazima skopu yake ya zamani, imekwaruzika, kioo chake ukilinganisha na changu ni kama kuchungulia kupitia chupa ya soda. Tukaifunga juu ya bunduki ile ile, pete zile zile, tukapiga mraba mita 50: piga moja, panda kliki 20, piga, kulia 20, piga, shuka 20, piga, kushoto 20, piga. Kliki moja ni 0.1 mil (mil ni kipimo cha pembe), yaani nusu sentimita mita 50, kwa hivyo kila upande wa mraba uwe sentimita 10. Ukawa 10, na risasi ya mwisho ikagusa tundu la ya kwanza. Tukarudisha yangu. Mraba ukatoka umepinda kama tanga lililopigwa na wimbi, na pembe ya mwisho haikufunga. Tukapiga tena: umepinda kivingine.

Hapo nikaamua kupima bila risasi kabisa, mtu asiniambie mkono wangu unatetemeka. Jirani yangu ni fundi mwashi, mzee wa watu. Nikamwomba timazi na tepu yake ndefu. Akaniuliza, "Unajenga ukuta huko au unapiga bunduki?" Nikamwambia vyote viwili, mzee wangu, ukuta wangu ndio umeanguka. Tukapima mita 100 kwa tepu, mara tatu. Nikasimamisha ubao wenye mistari ya sentimita, umenyooshwa kwa timazi. Skopu nikaibana kwenye jiliwa juu ya meza, bunduki imebaki sandukuni. Msalaba kwenye mstari wa juu, ndio sifuri, kisha nikapandisha kliki 50; skopu ikiwa imebanwa, ukipandisha kifundo msalaba hushuka ubaoni. Mita 100 kila kliki ni sentimita moja, kwa hivyo msalaba ulipaswa kuwa kwenye 50.

Ulikuwa kwenye 47 na nusu. Nikagonga skopu kwa kidole kidogo tu, ukaruka hadi 48 na nusu. Mara ya pili ukasimama 49. Mara ya tatu 47. Kurudi sifuri: mara ya kwanza ulikosa kwa kliki mbili, mara ya pili tatu, mara ya tatu ukarudi sawasawa, kwa dharau tu nadhani.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo ugomvi ulipo. Skopu ikipungukiwa kwa kiasi kile kile kila siku, mimi naishi nayo. Ikinipa 48 kila ninapotaka 50, naandika kikaratasi, nabandika kwenye kitako, nazungusha 52, yamekwisha. Hii yangu haina kiasi. Leo inanidai mbili, kesho tatu, keshokutwa inajifanya haikuwahi kunidai. Nitaandika nini kwenye kikaratasi?

Nikarudi dukani na hesabu zangu. Jibu la kwanza: "Umepima yadi wewe, si mita." Yadi 100 ni mita 91.44, bwana, kliki 50 zingenipa 45.7 kila mara, na mimi nimepata vitu vitatu tofauti. Jibu la pili, kutoka kwa fundi wake: labda kliki ni za MOA, kipimo kingine cha pembe. Kwenye kifundo pameandikwa 0.1 mil, kwa herufi nyeupe! Na robo ya MOA kwa mita 100 ni milimita 7.3 hivi, kliki 50 zisingefika hata sentimita 37. Jibu la tatu ndilo lililonitoa machozi ya hasira: "Wateja wengine hawalalamiki." Hawalalamiki kwa sababu wanaweka ziro mara moja na hawagusi kifundo tena hadi kiyama. Skopu isiyozungushwa haiwezi kukosea.

Haki nimpe: ukungu haukuingia ndani hata siku moja, na mnaijua hewa ya hapa kwetu. Naitrojeni, gesi ya kuzuia ukungu, imo, mipira ya kuziba ni mizima. Kioo nimeshakisifu. Lakini sikununua dirisha.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza kwa nini sikupima siku ya kwanza. Kweli, sikupima, nilipofushwa na kioo. Na aliyesema nipitilize kliki kumi halafu niteremke, ili skrubu ndiyo imalizie kusukuma: nimejaribu, kupanda kumekuwa afadhali, kule kuhama kulia kumebaki vile vile.

NYONGEZA 2: Muuzaji amenipigia simu, anataka kunipa nyingine ya aina hiyo hiyo. Nimekubali kwa sharti moja, tuipime kwanza mbele yake, kwenye jiliwa, kliki 50 kwenda na kurudi mara tano. Amesema hana muda huo. Jumatatu navuka feri na ubao wangu, nauweka juu ya kaunta yake wateja wakiwepo. Asiporudisha pesa naenda Mahakama ya Madai Madogo, madai yasiyozidi milioni moja wanayasikiliza. Aliyewahi kufungua kesi huko aniambie niende na nini, zaidi ya risiti na karatasi zenye matundu.