.375 H&H ya kazi porini: CZ 550, Winchester 70 au Remington 700?

Nyayo_Mbichi

Wakuu shikamooni.

Niko hatua za mwisho za mafunzo ya uwindaji bingwa, na kampuni inataka niwe na bunduki yangu ya .375 kabla msimu haujafunguliwa Julai. Kibali polisi nimeshapata. Muuzaji mwenye leseni anazo tatu za bolti (chuma cha kuvuta na kusukuma kwa mkono ili kupakia), zote za risasi ya .375 H&H (Holland & Holland) Magnum:

1. CZ 550 Safari Magnum, imetumika, haina darubini
2. Winchester Model 70 Safari Express, mpya
3. Remington 700, imetumika, ina darubini ya 3-9 (inakuza mara 3 hadi 9)

Kazi ni mbogo kwenye miombo yenye vichaka, kumkinga mgeni, umbali wa mita 20 hadi 60. Siku nyingine ni kongoni au pofu kwa ajili ya nyama ya kambi. Bei nazijua. Ninachotaka ni tofauti zenyewe za kiufundi, na nini huharibika kwenye kila moja.

---

Mzee_wa_Palahala

Marahaba kijana. Majina ya viwanda yaweke kando kwanza, uangalie bolti inaishikaje risasi.

Kwenye CZ 550, risasi ikichomoka tu kwenye midomo ya magazini, kitako chake kinapanda na kuteleza chini ya ukucha mrefu ulio ubavuni mwa bolti. Tangu hapo bolti imeishika. Ukikatisha katikati ukavuta nyuma, risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Huo ni mfumo wa Mauser wa 1898, na kwa bunduki ya wanyama hatari hakuna aliyeuboresha kwa jambo la msingi.

Remington 700 haiishiki risasi, inaisukuma. Ukucha wake ni kipande kidogo ndani ya uso wa bolti, nao unauma ukingo wa ganda pale bolti inapofika mwisho kabisa. Ukiisukuma risasi hadi chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi), kisha kwa haraka ukavuta bolti kabla hujaifunga, risasi inabaki mle. Bolti ikirudi inaleta ya pili, ncha yake inagonga kitako cha ya kwanza, na hapo umekwama mpaka uitoe kwa vidole. Mbele ya mbogo aliyejeruhiwa huna nafasi hiyo.

Tofauti nyingine ni kirusha ganda. Cha Mauser ni bapa la chuma lililofungwa kwenye resiva (mwili wa chuma ambamo bolti inateleza). Ganda likivutwa nyuma linaligonga na kuruka. Cha Remington ni pini ndogo yenye springi ndani ya uso wa bolti. Vumbi, mafuta mazito na vinyweleo vya shaba vikijaa kwenye tundu lake, pini inalala na ganda linabaki limelegea njiani.

Winchester angalia kwa macho yako. Model 70 ilianza 1936 ikiwa na ukucha mrefu. Mwaka 1964 kiwanda kikaubadilisha kuwa mfumo wa kusukuma ili kupunguza gharama, na ukucha ukarudi miaka ya 1990. Safari Express ya sasa inao, lakini sokoni zipo Model 70 nyingi za aina zote mbili. Jina pekee halikwambii kitu. Fungua bolti: kama huoni bapa refu la chuma ubavuni, hiyo ni ya kusukuma.

Sefti (kifungo cha usalama) ndipo Winchester inapoipita CZ. Ina hatua tatu na inaifunga pini ya kufyatulia yenyewe, si triga tu. Ile hatua ya kati inakuruhusu kufungua bolti na kutoa risasi huku bunduki ikiwa salama. CZ 550 ina hatua mbili: ili utoe risasi chemba lazima kwanza uitoe kwenye usalama. Ukishuka kwenye gari lenye watu sita nyuma, jambo hilo lina uzito wake.

Magazini: CZ inabeba 5, Winchester 3. Uzito bila darubini CZ ni kilo 4 na ushee, na Winchester iko humo humo. Usiogope uzito, .375 nyepesi itakufundisha kufumba macho.

---

Chemba_Safi

Mzee heshima yako. Nakubaliana nawe kuhusu ukucha, ila tusimfanye kijana aamini kwamba Mauser haikwami.

Risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91 na zaidi, wakati .30-06 ni kama 85. Safari ya bolti ni ndefu. Mtu aliyezoea bunduki fupi hukatisha: anavuta, hafiki mwisho, anasukuma. Kwenye Mauser ganda tupu bado limeshikwa na ukucha na halijafika kwenye kirushio, basi linarudi nalo chemba. Unabonyeza, unasikia "ta", mnyama amesimama anakutazama. Kwenye 700 ganda linaweza kuruka mapema, lakini bolti haikufika nyuma ya risasi inayofuata, kwa hiyo inafunga chemba tupu. Mlio ni ule ule. Dawa ni mkono kuzoea kuvuta mpaka bolti igonge kizuizi, bunduki ikiwa bado begani. Mazoezi hayo yafanyike na risasi bandia zisizo na baruti wala fataki.

700 ina sifa zake. Kuta za uso wa bolti zinakizunguka kitako cha ganda pande zote, hivyo ganda likipasuka gesi inadhibitiwa vizuri. Shabaha yake kwa kawaida ni nzuri. Kwa pofu wa mita 200 sina neno nayo. Kwa kumkinga mgeni ningechagua nyingine, kwa sababu ile ya risasi mbili kugongana aliyoieleza Mzee, na kwa sababu ukucha mdogo ukikutana na ganda lililong'ang'ania chemba hauna eneo la kutosha la kulivuta.

Ukiitaka hata hivyo, tazama triga. Zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 2006 hadi Aprili 2014 kiwanda kiliziita zirudishwe kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kwamba triga imebadilishwa, mwachie bunduki yake.

Kuna watakaokuletea hoja ya Blaser R8 kwa kuwa wageni wengi kutoka Ujerumani na Austria huja nayo. Ni ya kuvuta moja kwa moja bila kuinua mkono wa bolti, haraka sana. Magazini na triga ni kipande kimoja kinachotoka chote. Kikidondoka majanini, umebaki na bomba.

---

Nyayo_Mbichi

Nashukuru sana wakuu. 700 nimeiondoa. CZ ndiyo inayonivutia, bei ni karibu nusu ya Winchester. Ila muuzaji anasema kitako cha mbao cha bunduki "kilitengenezwa kidogo". Nikague nini? Na je, ningojee nipate .416 badala ya .375?

---

Fundi_Mtutu

Hilo neno "kidogo" ndilo la kuanza nalo.

Udhaifu unaojulikana wa CZ 550 Magnum ni mbao, si chuma. Teke linapokelewa na kipande cha chuma kilichosimama chini ya resiva, kinachokaa kwenye mtaro uliochongwa ndani ya mbao. Kama hakikukaa sawasawa, resiva nzima inasogea nyuma kila unapopiga, na mkia wake unakuwa kabari inayopasua mbao pale nyuma ya bolti, juu ya mahali unaposhika. Ufa unaanza mwembamba kama unywele, ukifuata nyuzi za mbao, na mafuta yanaufanya mweusi kwa hiyo unafanana na mchirizi wa kawaida wa mti. Futa mafuta kwa kitambaa chenye spiriti, kunja mbao taratibu kwa mikono ukiangalia kwenye mwanga wa jua. Ufa utafunguka na kufunga.

Mwombe muuzaji atoe resiva kwenye kitako. Ukarabati mzuri unaonekana hivi: epoksi ngumu nyuma na chini ya kile kipande kinachopokea teke, haina mapovu, na nyuma ya mkia pamebaki upenyo wa kama milimita 1. Kama mkia umebanana na mbao, ufa utarudi. Kama ni gundi tu iliyopakwa juu ya ufa, hesabu gharama ya kitako kipya kabla hujazungumza bei.

Kisha, bunduki ikiwa imethibitishwa tupu kwa jicho na kidole:

Namba. Namba za resiva, bolti na mtutu zilingane, na zilingane na zilizo kwenye karatasi. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia vizuri na bado nafasi ya chemba isiwe sahihi. Hapo fundi apime kwa geji. Ukipata maganda yaliyopigwa na bunduki hiyo, tazama juu kidogo ya ule mshipi wa kitako: mstari unaong'aa kulizunguka ganda maana yake linakaribia kukatika, na chemba au risasi ina kasoro.

Magazini. Jaza risasi bandia 5 na uzipitishe zote, polepole kisha kwa kasi, halafu bunduki ikiwa imelala ubavu, halafu juu chini. Yenye ukucha mzuri itapitisha kote huko. Fanya hivyo kwa ncha ya duara na kwa ncha bapa, maana risasi ngumu nyingi za sasa zina ncha bapa na ndizo zinazokwaruza mlango wa chemba. Zikikwaruza, fundi anasafisha njia kwa msasa laini, asiongeze pembe.

Mfuniko wa chini wa magazini. Springi yake ikichoka, teke la risasi ya kwanza linaufungua na risasi zote zinamwagika miguuni. Jaza, funga, piga kitako kwa kiganja mara kadhaa. Usifunguke.

Triga. CZ nyingi zina triga ya kutegwa: ukiisukuma mbele inakuwa nyepesi mno. Kwa mbogo haifai. Mikono inatetemeka, inagusa, imeondoka. Fundi anaweza kuifunga isitegeke.

Mdomo wa mtutu na ndani. Mulika kutoka upande wa chemba. Kutu ya vidoto mwanzoni mwa mifereji ya mtutu, mbele ya chemba, ni mbaya kuliko mtutu uliochakaa.

Mwisho, usipeleke risasi chemba kwa kidole kisha kufunga bolti juu yake. Ukucha wa Mauser umeumbwa upokee risasi kutoka chini. Kuulazimisha uruke juu ya ukingo kunauvunja ncha, ijapokuwa baadhi ya kucha zimechongwa ukingo ili kuvumilia hilo.

---

Mzee_wa_Palahala

Fundi kamaliza. Nijibu la .416.

.375 ilitoka 1912 na ndicho kiwango cha chini kwa mbogo kwetu. Inasukuma kichwa cha gramu 19.4 kwa mita kama 770 kwa sekunde, jouli 5,700 hivi. .416 Rigby, ya 1911, inasukuma gramu 26 kwa mita 730, karibu jouli 6,900. Kwa kumsimamisha mnyama anayekuja, .416 ni bora, hilo halina ubishi. Lakini teke lake ni karibu mara moja na nusu ya la .375, risasi zake ni ghali, na usipozinunua za kutosha hutafanya mazoezi. Anza na .375. Mwenye .375 anayepiga sawasawa risasi ya pili anamkinga mgeni vizuri kuliko mwenye .416 anayeiogopa.

Siku ukifika huko, jua kwamba .416 Remington ina nguvu zile zile kwa ganda dogo zaidi, ila presha yake ya juu ni baa 4,300 dhidi ya 3,250 za Rigby. Risasi zilizolala kwenye sanduku la chuma juu ya gari mchana wa Oktoba presha inapanda, na ganda linang'ang'ania. Rigby ina nafasi ya kuvumilia. Hata za .375 zitunze kivulini.

Risasi: laini bora (kichwa kinachotanuka) ya grain 300, yaani gramu 19.4, iwe ya kwanza chemba, ngumu (kichwa kisichotanuka) zinafuata. Zote mbili zigonge mahali pamoja kwa mita 50, ama sivyo badilisha aina moja.

Darubini: 1-4 au 1.5-6, umbali kati ya jicho na darubini usipungue sentimita 9. Ile ya 3-9 vichakani utaona manyoya tu. Na iwe kwenye vishikio vya kutoka haraka, vilengeo vya chuma vya bunduki vibaki kazini.

---

Nyayo_Mbichi

Darubini nimepata ya 1-4, ila vishikio alivyonipa vinateleza kwenye reli ya CZ. Nikaze zaidi?

---

Fundi_Mtutu

Usikaze, utaponda bomba la darubini. Reli ya CZ 550 ina upana wa milimita 19 na juu ya resiva kuna kishimo. Kishikio sahihi kina kijino upande wa chini kinachoingia humo, na ndicho kinachozuia teke. Ulivyopewa bila shaka havina kijino, au ni vya CZ 527 ambayo reli yake ni milimita 16. Vinunue vya 550. Futa mafuta yote kwenye reli na skrubu kwa spiriti, tia tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea, kaza skrubu za pete hadi Nm 2 (newtoni-mita) tu ukibadilishana pembe kwa pembe. Chora mstari mwembamba wa kalamu ya rangi kati ya pete na bomba. Baada ya risasi 20 za kwanza angalia mistari kama imeachana.