CRP, prokalsitonini au kuotesha damu: kituo chenye fungu dogo kichukue kipi kwa vichanga?

FundiMaabara_Busia:
Habari za kazi, ndugu. Kituo chetu cha afya daraja la nne kimepata hela kidogo, na inchaji anataka jibu kabla ya Ijumaa: vitepe vya CRP, kimashine cha prokalsitonini (zote mbili ni protini za damu zinazopanda mwili ukipambana na maambukizi), au chupa za kuoteshea damu kuona kama kijidudu kitaota? Vichanga wanafika wamelegea, hawanyonyi, mwili moto au baridi kama samaki. Antibiotiki ampisilini na gentamaisini wanaanzishwa hapo hapo. Mimi nataka kipimo cha kuniambia ni kijidudu gani, maana bakteria Klebsiella na Staph si ndugu.

Sista_Mbarara:
Kaka, hapo kwenye "kijidudu gani" ndipo unapojidanganya. CRP na prokalsitonini ni kelele za mwili wa mtoto, hazitaji jina la mwizi. Tofauti zipo, sikatai. Bakteria wa kundi la gramu hasi kama Klebsiella na E. coli kwa kawaida hupandisha CRP zaidi na kuangusha chembe sahani (zile za kugandisha damu) vibaya. Staph zile za ngozi, zisizo aureus, zinaweza kumshika njiti na CRP ikabaki chini ya 10 (miligramu kwa lita). Kuvu, hasa Candida, nazo hushusha chembe sahani zikakaa chini siku nyingi. Ila viwango vinapishana mno. Ukiletewa namba moja tu huwezi kuapa.

Halafu angalia saa. CRP inatengenezwa na ini baada ya kuamshwa na intaleukini-6 (kemikali ya mwili ya kupiga kengele), na huchukua saa 6 hadi 12 kuanza kupanda. Mtoto aliyelegea alfajiri ukimpima saa mbili asubuhi unapata 4, unafurahi bure. Rudia baada ya saa 24. Mbili zikitoka chini ya 10 na mtoto ananyonya vizuri, hapo daktari ana sababu ya kufikiria kusimamisha sindano. Kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa: kutuliza mkono, si kukamata mwizi.

BabaPacha_Jinja:
Samahani wataalamu, mimi ni mzazi tu. Kulwa wangu alipimwa CRP ikawa 38, damu wakaotesha, haikuota kitu. Akapigwa sindano siku 7. Walikosea?

Sista_Mbarara:
Pole baba. Siwezi kusema walikosea. Uchungu ukiwa mrefu, au mtoto akivuta kinyesi chake mapafuni akiwa tumboni mwa mama, au akichelewa kulia, CRP hupanda bila kijidudu. Na damu isipoota haina maana hakuna kitu. Pengine ilitolewa kidogo, au dawa ilitangulia. Anaendeleaje sasa?

BabaPacha_Jinja:
Anampiga Doto. Mzima.

MzeeHadubini_Arua:
Vijana, mnazungumzia mashine, mimi nauliza kioo cha malaria kiko wapi? Kichanga anaweza kuzaliwa na malaria ya mama, akalegea, CRP ikapanda, chembe sahani zikashuka, mkaita sepsis (maambukizi yaliyosambaa mwilini kupitia damu).

Na hizo chembe sahani mziamini kwa masharti. Mwaka fulani, hospitali siitaji, tuliletewa chupa ya kifuniko cha zambarau, damu ya kisigino, mashine ikatoa chembe sahani elfu 41. Wodi nzima ikakimbia kutafuta damu ya kuongeza. Nikaingiza kijiti ndani ya chupa, kikatoka na bonge kama punje ya mtama. Damu ilikuwa imeganda, na bonge limezimeza chembe sahani. Tukatoa nyingine kwenye mshipa: elfu 212. Tangu siku hiyo kijiti ndiyo dini yangu.

Mwanafunzi_Mbale:
Kuhusu prokalsitonini: inawahi kuliko CRP, ndani ya saa chache tu. Tatizo, kila mtoto mzima huipandisha mwenyewe ndani ya siku 2 za kwanza, kwa hiyo mpaka uwe na jedwali la umri kwa saa. Na vifaa vyake ni ghali. Kwa kituo cha daraja la nne mimi ningeiruka.

Lakini hata kuotesha kuna mashimo yake. Hapa Mbale na kule Mbarara watafiti walipima vinasaba kwenye vichanga wenye sepsis, wakakuta bakteria aitwaye Paenibacillus katika watoto 37 kati ya 631. Matokeo yalitoka 2023. Kwenye chupa za kawaida haikuwa ikionekana. Baadhi ya watoto hao walikuja kupata kichwa maji baadaye.

FundiMaabara_Busia:
Nimewaelewa. Nitaomba chupa kwanza, hela ikibaki vitepe vya CRP, kila mtoto mara mbili. Prokalsitonini wacha ikae. Mzee, sisi hatuna pa kuoteshea, sampuli zitapanda pikipiki hadi hospitali ya mkoa. Nikitoa jioni, niweke friji hadi asubuhi?

MzeeHadubini_Arua:
Friji hapana! Chupa iliyotiwa damu inakaa joto la chumba tu, baridi inawaua hao unaowatafuta. Toa kwenye mshipa mpya, si kisigino, angalau mililita 1, kabla ya ampisilini. Ngozi ipakwe spiriti na iachwe ikauke, na kile kifuniko cha mpira nacho kipanguswe. Hapo kwenye kifuniko ndipo wengi wanapootesha mikono yao wenyewe.

FundiMaabara_Busia:
Na kijiti?

MzeeHadubini_Arua:
Kijiti ni cha zambarau, mwanangu. Usiniingizie kijiti kwenye chupa ya kuoteshea!