Mipira mipana, pampu yenye kasi au rejeta kubwa?

Swali:
Habari zenu, ndugu. Kompyuta yangu inapozwa kwa maji kupitia rejeta (kifaa chenye feni kinachotoa joto la maji hewani) ya milimita 240, na prosesa pamoja na kadi ya grafiki hutoa joto la takriban wati 300. Je, nikiweka mipira ya kupitishia maji yenye kipenyo cha ndani cha milimita 13 badala ya 10, au nikiongeza kasi ya pampu, joto litapungua?

Jibu la kwanza:
Litapungua kidogo mno. Maji yakizunguka kwa lita 4 kwa dakika, wati 300 huyapandisha joto kwa nyuzi 1 hivi; yakizunguka kwa lita 1, hupanda kwa nyuzi 4 na ushei. Mipira ina athari ndogo zaidi, kwa kuwa kizuizi kikubwa kimo katika mifereji myembamba ya bloku, yaani kipande cha chuma kinachopitisha maji, iliyokaa juu ya prosesa. Hakikisha tu kwamba mpira haukunjiki.

Jibu la pili:
Naongezea kwamba wanaodai maji yaende polepole ili yapate muda wa kupoa ndani ya rejeta wanakosea, kwani maji hayohayo hukawia vilevile ndani ya bloku yakipokea joto.

Jibu la tatu:
Ndugu, fedha zako zielekeze kwenye rejeta ya milimita 360, inayobeba feni tatu za milimita 120 badala ya mbili. Hata hivyo, chumba kikiwa na nyuzi 32, rejeta yoyote haitayashusha maji chini ya hapo, kwa hiyo feni zivute hewa ya nje ya kasha la kompyuta.