Betri ya akiba kwa redio ya ridhaa nyumbani: je, inafaa kukaa chumbani?

Msikilizaji wa Mita 40

Habari zenu, ndugu zangu. Hapa Tanga ninacho kituo kidogo cha redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na wenzangu hewani kwa kujifurahisha tu, chenye redio ya wati 100 inayotumia volti 13.8, ambayo hadi leo imetegemea umeme wa ukutani peke yake. Tangu Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu mwezi Mei 2024, nimekuwa nikitamani kubaki hewani walau saa nane umeme unapokatika. Fundi mmoja amenishauri ninunue betri ya gari ya Ah 70 (ampea-saa, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), niiweke chini ya meza ya redio, ambayo imo chumbani tunamolala, na niiache ikichajiwa mchana na usiku kwa chaja ya gereji. Mke wangu amekataa katakata. Je, hofu yake ina msingi?

Fundi Sola

Shemeji ana haki, na ningekuwa wewe nisingebishana naye. Betri ya maji inapokaribia kujaa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi ya taa yatosha kuilipua. Chaja ya gereji isiyojipunguza yenyewe huendelea kuichemsha betri iliyokwisha kujaa, kwa hiyo gesi haikomi na maji hukauka. Itafute chaja ambayo betri ikijaa hushuka hadi volti 13.5 au 13.8 na kubaki hapo. Betri yenyewe iweke barazani, mahali pasipofikwa na jua wala mvua, ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu upande wa juu, kwa sababu haidrojeni ni nyepesi na hupanda.

Jambo jingine ni kwamba betri ya gari ina sahani nyembamba zilizokusudiwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiinyonya usiku kucha mara kwa mara, itakufa mapema. Nunua ya sola, na usiishushe chini ya nusu.

Mzee wa Antena

Naongeza kuhusu fyuzi, maana hapo ndipo nionapo makosa mengi. Watu huifunga karibu na redio wakidhani kazi yake ni kuilinda redio, ilhali kinacholindwa hasa ni waya. Betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya uliotangulia fyuzi utawaka moto bila chochote kuuzuia. Ifunge kwenye waya chanya, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha betri. Kwa redio yako ampea 30 zatosha. Vilevile, vua pete na saa kabla ya kushika spana.

Msikilizaji wa Mita 40

Nawashukuru sana. Kutoka barazani hadi mezani ni mita 4, nami nimeshanunua waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5. Utafaa?

Mzee wa Antena

Hautafaa, kijana wangu. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 8. Unapobonyeza kitufe cha kuzungumza, redio huvuta takriban ampea 20, na waya huo utapoteza zaidi ya volti 1. Betri ikiwa na volti 12.2, redio itapata kama 11.1, nayo nyingi hukataa kufanya kazi vizuri chini ya 11.7. Kwa waya wa milimita za mraba 10 utapoteza kama 0.3 tu. Ule wa 2.5 utumie kwa taa.

Fundi Sola

Ukiwa na uwezo, fikiria pia lithiamu ya aina ya LiFePO4. Haitoi gesi katika matumizi ya kawaida, na hukaa karibu na volti 13 kwa muda mrefu, jambo linalopunguza hata shida ya waya. Sharti iwe na chaja yake. Lakini usishawishike na zile pakiti zinazoungwa kwa seli za kompyuta kuukuu: hizo ni lithiamu ya aina nyingine, ambayo hushika moto kwa urahisi zaidi.

Msikilizaji wa Mita 40

Nimeelewa. Waya nitaurudisha dukani kesho asubuhi, na mke wangu amekwisha kunionyesha kona ya baraza anayoikubali.