Unga wa mlonge unakinga neva dhidi ya dawa za kupulizia nyanya?

MamaNyanya: Wakuu, heshima kwenu. Mume wangu analima nyanya huku Ruaha Mbuyuni, anapulizia klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, kwa bomba la mgongoni. Jioni kichwa kinamgonga, jasho jingi, na kope zinachezacheza zenyewe. Jirani kamwambia anywe unga wa mlonge na manjano kwenye maziwa, eti unakinga mishipa ya fahamu. Sasa anakunywa kila asubuhi na glovu ameziacha. Kuna ukweli?

BwanaShambaMstaafu: Dada, hizo ni dalili za sumu, usizichukulie kama uchovu. Klorpirifosi na dawa za kundi lake zinazuia kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi. Kazi yake ni kuuzima ujumbe ambao neva imeupeleka kwenye msuli au tezi. Kikizuiwa, msuli unaendelea kuamrishwa: kope zinacheza, jasho, mate na machozi vinatoka ovyo, mboni za macho zinasinyaa. Akibanwa kifua au akitapika, msingoje kukuche. Hospitali moja kwa moja, na lebo ya dawa mkononi ili daktari aone jina. Huko ndiko kuna atropini, dawa ya kutibu sumu hiyo.

Mlonge na manjano vimejaribiwa kweli, kwa panya. Waliopewa dondoo pamoja na klorpirifosi, ubongo wao uliumia kidogo kuliko wa wenzao. Lakini panya hao walipimiwa dozi kwa uzito wa mwili. Mkulima anayelowa sumu mchana kutwa hajapimiwa chochote, na hakuna anayejua ni vijiko vingapi vingemtosha. Mlonge ale, ni mboga nzuri sana. Kinachonitisha ni hizo glovu alizoziacha!

Kitunguu_Mangola: Na maziwa nayo yaacheni kuitwa dawa. Sumu ya bomba inaingia zaidi kwa ngozi, maziwa yanakwenda tumboni. Vitakutana wapi? Kagua kifuniko cha bomba, mara nyingi ndicho kinachovuja.

MamaNyanya: Kinavuja kweli, shati linalowa mpaka kiunoni. Nilifueje?

BwanaShambaMstaafu: Beseni lake peke yake, mbali na nguo za watoto, na wewe uvae glovu. Yeye aoge kwa sabuni akitoka tu shambani, kabla hajamshika mtoto wala kula. Kwanza asimamishe kupulizia, amwachie mtu mwenye vifaa kamili, halafu hospitali muulizie kipimo cha damu cha kolinesterasi, kile kimeng'enya nilichokitaja. Kesho, dada, usiisogeze.