Nauziwa shamba Wete kwa karatasi ya sheha: nihakikishe nini kabla ya kutoa arubuni?

Mwana wa Mtambwe

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nataka kununua shamba dogo nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, ili nimjengee mama yangu nyumba kabla umri haujamwelemea. Bei ni shilingi milioni 16. Muuzaji ni mtoto mkubwa wa kiume wa marehemu aliyekuwa akilitumia, na mkononi ana karatasi moja tu, yenye saini ya sheha (kiongozi wa shehia, yaani mtaa) na mashahidi wawili, inayosema kwamba shamba ni la baba yake. Ndani mna mikarafuu 13, na upande wa bondeni nimeona makaburi mawili ambayo hakunitajia mpaka nilipomuuliza. Mjane wa marehemu yuhai, na ndugu zake muuzaji ni wanne: mwanamume mmoja aliyeko Tanga na wanawake watatu, mmoja wao ameolewa Unguja. Ananihimiza nitoe arubuni ya milioni 4 wiki hii kwa kuwa, kwa maneno yake, yupo mteja mwingine. Je, karatasi hiyo inatosha?

Wakili wa Chake

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, haitoshi, na hiyo arubuni usiitoe. Saini ya sheha inaonesha kwamba maneno yale yalisemwa mbele yake. Haimpi mtu haki ambayo hakuwa nayo.

Uliza kwanza shamba lilimfikia marehemu kwa njia gani. Kwetu Zanzibar ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kinachohama kutoka mkono hadi mkono ni haki ya kuitumia, kwa hiyo asili ya haki hiyo ndiyo inayoamua kama inauzika. Ikiwa ni sehemu ya eka tatu zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, aliyepewa alipewa alime na aitumie, hakupewa aigawe vipande na kuiuza apendavyo. Ikiwa ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe, mazungumzo yanaishia hapo, na jambo hilo unaweza kuliulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ikiwa marehemu naye alilirithi, rudi nyuma kizazi kimoja uone kama mirathi ile iligawiwa, maana mashamba mengi ya Pemba yamebeba mirathi mbili au tatu ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Sasa tazama hesabu ya huyu mmoja. Ikiwa wazazi wa marehemu walitangulia kufa, na hana deni wala wasia, mjane anapata thumni, yaani moja ya nane, na saba ya nane zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Kwa idadi uliyoitaja, kila binti anapata thumni moja na kila mwana robo. Katika milioni 16, haki ya muuzaji wako ni milioni 4, kiasi kile kile anachokitaka kama arubuni, na milioni 12 ni za watu watano ambao hujazungumza nao hata mmoja.

Mtake kwanza alete uthibitisho wa warithi kutoka Mahakama ya Kadhi, kisha ridhaa ya kila mrithi kwa maandishi, na aliyeko mbali atoe uwakala ulioshuhudiwa ipasavyo. Baada ya hapo mauziano yapelekwe kwenye bodi ya uhaulishaji, inayoidhinisha ardhi kuhama mkono, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na mwisho yasajiliwe kwa Mrajis wa Ardhi.

Bi Mkubwa wa Mkoani

Mwanangu, mimi nilikuwa upande wa pili wa jambo kama hili. Nilikuwa nimeolewa Unguja, na kaka yangu akaliuza shamba la baba yetu bila ya kuniarifu mimi wala dada yangu. Nilipokuja msibani nikakuta msingi wa nyumba umekwisha kupanda. Aliyenunua alikuwa mtu mwema, amelipa fedha halali, na nililia kwa ajili yake kama nilivyolia kwa ajili yangu, lakini haki yangu sikuiacha. Tulikwenda katika kesi miaka mingi, yeye akapoteza alichojenga, na mimi na kaka yangu hatukusemezana mpaka alipofariki. Huyo dada aliyeolewa Unguja mtafute wewe mwenyewe, umsikie kwa sauti yake. Usikubali kuambiwa kwamba ameridhia.

Mpima Mstaafu

Naongeza ya shambani. Kwa desturi yetu mikarafuu inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwingine, na pia huwekwa rehani au hukodishwa msimu mzima. Uliza ni nani aliyechuma msimu uliopita na karafuu ziliuzwa kwa jina la nani. Pita mipakani pamoja na majirani wote kwa siku moja, kila mmoja aoneshe alama yake mbele ya mwenziwe. Makaburi yana wenyewe, na wenyewe wana njia ya kuyafikia. Yaandikwe katika ramani, na njia ipimwe kabla hujachagua pa kujenga.

Mwana wa Mtambwe

Nawashukuru sana, na hasa Bi Mkubwa. Jana nilikwenda kwa mjane. Hakuwa na habari yoyote ya mauziano, na alinieleza kwamba shamba hilo ni sehemu ya eka tatu alizopewa baba mkwe wake, na kwamba mikarafuu minne ni ya shemeji yake aliyeipanda kwa mkono wake. Nimemwambia muuzaji kwamba sitoi kitu. Mama amekubali kungoja.

Wakili wa Chake

Umefanya vyema. Hata hivyo nenda ofisi ya Kamisheni ya Ardhi hapo Pemba, ukiwa na jina la huyo baba mkwe na la shehia, uombe waangalie kumbukumbu za ugawaji, kwa sababu maneno ya mjane nayo yanahitaji kuthibitishwa. Na ukipata kiwanja kingine, tuandikie kabla ya arubuni.